Kanzu ya Kayafa

Kila mwaka, kwaresima inapoanza, tangazo husomwa mwishoni mwa ibada: anatafutwa mtu wa kujitolea kuongoza igizo la Ijumaa Kuu. Kisha kimya. Wengine hutazama vidole vyao, wengine hugeuka kuwatazama vijana wa kwaya, na mwishowe mmoja husimama, ama kwa kusukumwa na Roho, ama kwa kusukumwa kiwiko na aliyeketi karibu naye. Usharika hupiga makofi. Na kwa makofi hayo sisi wengine huhesabu kwamba sehemu yetu ya kazi imekwisha.

Tunataka kusema neno juu ya makofi hayo. Sisi tunaoandika ni wazee wa kanisa na wanakamati ambao kwa miaka kadhaa tumeshughulika na maigizo ya usharika. Hatukusomea sanaa za jukwaani. Lakini tumekaa viti vya mbele mara nyingi, tumesifu na kulaumu, na tumejifunza kwa uchungu kwamba lawama zetu nyingi zilimwendea mtu asiyestahili kuzibeba peke yake. Ndiyo maana tutaanza na igizo moja ambalo tulilikosea pamoja.

Lilikuwa igizo la mateso ya Bwana, lililochezwa uwanjani mbele ya kanisa alasiri ya Ijumaa Kuu. Aliyeliongoza alikuwa kijana mwalimu wa shule ya msingi, na haki yake tumpe kwanza. Kabla yake, maigizo yetu yalichezwa kwa kipaza sauti kimoja kilichopita mkono kwa mkono, hata Pilato alilazimika kumngoja Petro ampe kipaza sauti ndipo atoe hukumu. Kijana huyu alikiondoa. Aliwafundisha waigizaji kutupa sauti na kutowapa watazamaji mgongo. Alimkalisha Petro mbele ya jiko la mkaa lenye moto wa kweli, na alipomkana Bwana tuliuona mkono wake ukitetemeka juu ya makaa. Jogoo aliyeletwa ndani ya tenga aligoma kuwika, mtoto wa shule ya Jumapili akamwikia, na hata hapo hakuna aliyecheka. Zaidi ya yote, aliwatawanya watu wa mkutano katikati yetu. Kelele za kutaka asulubiwe zilipoanza, hazikutoka jukwaani. Zilitoka nyuma ya mabenchi yetu, karibu na masikio yetu. Mama mmoja alituambia kwamba kwa mara ya kwanza alihisi kuwa naye alikuwapo siku ile, na hakuwa upande aliodhani.

Hiyo ni kazi njema ya uongozaji, na tunaisifu bila kusita. Lakini igizo lile lile lilikuwa na kosa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

Uwanja wetu umezungukwa na ua wa michongoma, na ng'ambo ya barabara upo msikiti. Siku za maigizo majirani husimama kando ya ua kutazama, nasi hufurahi kwamba Injili imevuka ua. Mwaka ule, mzee mmoja Mwislamu, jirani yetu wa siku nyingi, alikuwa ametuazima kanzu sita na kofia zake, zote zimefuliwa na kupigwa pasi. Alikuja na mjukuu wake kuona jinsi zitakavyotumika. Yesu akaingia amevaa shuka jeupe. Wanafunzi wakaingia wamevaa majoho ya kwaya. Kisha wakaingia Kayafa, Anasi na wazee wa baraza, waliomkamata Yesu, waliomtemea mate, waliomtafutia mashahidi wa uongo. Hao ndio waliovaa kanzu na kofia. Hao peke yao.

Mzee alimshika mjukuu wake mkono wakaondoka kabla hatujafika Golgotha. Sisi wa viti vya mbele hatukumwona. Tuliambiwa kesho yake na akina mama waliokuwa wakigawa maji kando ya lango.

Kikao cha kutathmini kilikuwa kigumu. Baadhi yetu walimlaumu mwongozaji, wakasema ametuvunjia ujirani wa miaka mingi. Wengine walimtetea kwa maneno ambayo mara nyingi husemwa kanisani: jamani, amejitolea tu, msimvunje moyo. Leo tunaona kwamba pande zote mbili zilikosea. Wa kwanza walidai kwake hesabu ya vitu ambavyo hakuna aliyemkabidhi kwa utaratibu. Wa pili walimdharau bila kujua, kwa maana kusema kazi ya mtu isipimwe kwa sababu hakulipwa ni kusema kwamba haina uzito. Anayehubiri bila mshahara hupimwa neno lake. Mama anayepika chakula cha harusi kwa kujitolea huulizwa kama nyama imeiva. Kujitolea huondoa ujira, hakuondoi uwajibikaji.

Mwongozaji mwenyewe alijibu kwa utulivu. Alisema kwamba Biblia yetu ya Kiswahili inaposimulia mavazi ya kuhani katika kitabu cha Kutoka inataja kanzu, inataja na kilemba. Yeye alifuata Maandiko. Alisema kweli. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Injili ya Yohana, inasema kwamba Yesu naye alikuwa na kanzu, isiyo na mshono, na askari waliipigia kura chini ya msalaba. Na mchungaji wetu huvaa kanzu kila Jumapili. Kosa basi halikuwa kanzu. Kosa lilikuwa mgawanyo: waovu walivaa nguo za jirani, na watakatifu walivaa nguo zetu. Kama Yesu na Kayafa wangevaa kanzu wote wawili, mtazamaji angeona Wayahudi wawili wa taifa moja. Tulivyofanya, tulimwambia mtazamaji, pasipo neno moja kutamkwa, kwamba waliomuua Bwana ni watu wa ng'ambo ya barabara.

Je, kwa nini kijana mwenye jicho kali namna ile, aliyeona mkono wa Petro juu ya makaa, hakuliona jambo hili? Tulipouliza, tukapata jibu lililotuaibisha. Maneno ya igizo aliyaandika yeye, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya shule. Waigizaji aliwatafuta yeye. Mavazi aliyaazima yeye. Michango ya nauli ilikaa mfukoni mwake, na ilipopungua aliongeza yake. Watoto walipochelewa mazoezini aliwarudisha makwao yeye, mlango kwa mlango. Na siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu, aliyepangiwa kuwa Kayafa aliugua, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyajua maneno, mwongozaji aliivaa kanzu mwenyewe. Yule tuliyemtegemea aone kwa niaba yetu alikuwa ndani ya igizo. Nje hakubaki mtu.

Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya mwongozaji ni nini. Wengi wetu tulidhani ni kuamuru: simama hapa, lia sasa, ongeza sauti. Hiyo ni sehemu ndogo. Mwongozaji ni mtazamaji wa kwanza. Hukaa mahali pa mtu ambaye bado hajafika, akauliza kwa niaba yake: je, nasikia? Je, naelewa? Ninachokiona ndicho tunachokusudia kusema? Tena haimtoshi kukaa mahali pa mzee wa kanisa wa kiti cha mbele. Anapaswa kwenda kusimama kando ya ua, mahali pa asiyeijua hadithi, mahali pa mtoto, mahali pa jirani. Kazi hiyo haifanyiki na mtu aliyefunikwa na kazi nyingine saba.

Wako watu waliotangulia katika kazi hii, na mifano miwili imetusaidia sana.

Wa kwanza ni wa Oberammergau, kijiji cha Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri mbele za Mungu kwamba wataigiza mateso ya Bwana mara kwa mara, na mwaka 1634 wakaanza. Hufanya hivyo kwa kawaida kila baada ya miaka 10. Zamu ya 2020 iliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Waigizaji ni watu wa kijijini: waliozaliwa hapo au walioishi hapo miaka 20. Seremala, muuguzi na mwanafunzi hukutana jukwaani. Nafasi kubwa hupewa watu wawili wanaopokezana, hata ya Yesu mwenyewe. Kwa hiyo mmoja akiugua igizo halianguki, na hakuna anayeweza kusema kwamba nafasi ile ni mali yake.

Lakini kijiji hicho kina jeraha pia. Kwa muda mrefu igizo lao liliwaonyesha Wayahudi kama taifa la wauaji, na makuhani walivikwa kofia zenye umbo la pembe. Mwaka 1934 Hitler alikwenda kulitazama, na baadaye akalisifu kwa jinsi lilivyowaonyesha Wayahudi. Nadhiri iliyowekwa kwa machozi mbele za Mungu ilikuwa imefika mahali pa kumfurahisha muuaji. Christian Stückl, mzaliwa wa kijiji, ameliongoza igizo hilo tangu 1990. Yeye na wenzake wamebadilisha mengi. Kofia za pembe zimeondolewa, viongozi wa Kiyahudi wameombwa ushauri, na Yesu huonekana wazi kuwa Myahudi: huinua kitabu cha Torati mbele ya watu na kuomba kwa Kiebrania. Tuliposoma habari hizo tulinyamaza kwa muda. Jawabu lao lilikuwa lile ambalo sisi tulilikosa, yaani kumvika Yesu vazi la watu wake.

Mfano wa pili uko karibu na kwetu, Kamiriithu, eneo la Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho, pamoja na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, waliandaa igizo kwa lugha yao ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambalo baadaye lilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Mwongozaji alikuwa Kimani Gecau, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanakijiji walijenga wenyewe uwanja wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanyika Jumamosi na Jumapili mchana, ili yasigongane na ibada za asubuhi. Na mazoezi hayo hayakufichwa. Kila aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kusema, nao walisema: huyu hasemi kama mzee, wimbo huu hauimbwi hivyo, kazi hii haifanywi hivyo. Mwongozaji mwenye elimu ya chuo kikuu alikubali kusahihishwa na mama aliyetoka kuchuma majani ya chai. Igizo lilianza tarehe 2 Oktoba 1977, na tarehe 16 Novemba serikali ililipiga marufuku. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ulibomolewa.

Wako wapendwa watakaoshangaa kwamba tunalitaja igizo hilo kitabuni humu, kwa sababu ndani yake Wakristo matajiri wanaonekana kama wanyonyaji wanaotumia dini kuwabana maskini. Ni kweli, na maneno yake ni makali. Hatuletwi hapa kuyatetea wala kuyapinga. Lakini mfano huo unatufaa kwa njia mbili. Kwanza, tunajifunza faida ya mazoezi ya wazi. Laiti mazoezi yetu yangefanywa kweupe na si ndani ya ukumbi uliofungwa, jirani angeiona kanzu yake mapema na angetuambia. Pili, Mkristo anayelitazama igizo hilo huyaona mavazi yake ya Jumapili juu ya mtu mbaya. Akihisi moyo wake ukikaza, hapo amekwisha kujua alivyohisi mzee yule kando ya michongoma.

Tukirudi kwenye Maandiko, tunakutana na Besaleli. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alipotaka hema ya kukutania ijengwe, alimwita kwa jina na kumjaza Roho, hekima na ujuzi kwa ajili ya kazi ya mikono: dhahabu, mawe, miti. Tunapenda kuisoma habari hiyo tunapotaka kuwatia moyo wasanii wa kanisa, na ni vema. Ila mara nyingi hatuendelei kusoma. Mungu hakumwacha Besaleli peke yake. Alimpa Oholiabu. Akawapa wote wawili moyo wa kufundisha wengine. Wanawake wakasokota, watu wakaleta vitu kila asubuhi hata vikazidi, na Musa akatangaza kambini kwamba sasa yatosha. Besaleli hakusokota uzi, hakupokea michango peke yake, wala hakuachiwa aamue mwenyewe hema iweje, maana mfano alionyeshwa Musa mlimani. Mjuzi aliyejazwa Roho alipewa msaidizi, mafundi, vifaa na maelekezo. Sisi kijana wetu tulimpa makofi.

Tangu mwaka ule tumebadili utaratibu, na tunauandika hapa kwa wale watakaosimama Jumapili moja tangazo likisomwa. Maneno ya igizo hupitiwa na mchungaji pamoja na wazee wawili kabla mazoezi hayajaanza, ili mwongozaji asibebe peke yake mzigo wa mafundisho. Fedha hukaa kwa mtunza hazina. Mavazi yana mtu wake, na huvaliwa yote katika zoezi moja kamili angalau wiki moja kabla, mchana, uwanjani, ua ukiwa wazi. Watoto wana mama wawili wa kuwapokea na kuwarudisha, na hakuna mtoto anayebaki mazoezini baada ya jua kuzama. Kila nafasi kubwa ina watu wawili. Mwongozaji haigizi. Na yupo mtu mmoja ambaye kazi yake siku ya zoezi kamili ni kukaa nyuma kabisa na kuandika kila asichokielewa.

Tumeongeza pia jambo tulilofundishwa na kijana aliyewahi kuigiza Yuda. Baada ya Pasaka watu waliendelea kumwita Yuda, sokoni, kwenye daladala, hata mlangoni mwa kanisa, mpaka akaacha kuja ibadani kwa miezi kadhaa, nasi tukidhani ni utani tu. Sasa igizo likimalizika, mwongozaji huwaita waigizaji wote mbele, kila mmoja huvua vazi lake, hutajwa kwa jina lake la ubatizo na kuombewa. Mwongozaji humwomba mtu aingie katika uovu wa mwingine ili sisi tujifunze. Ni wajibu wake pia kumtoa humo salama.

Hatutaki kudanganya kwamba utaratibu umeponya kila kitu. Mwalimu yule hakuongoza tena. Kwa mwaka mzima aliketi benchi la mwisho na kuondoka kabla ya matangazo. Mwaka wa pili alikubali kurudi kwa sharti moja: kwamba kazi yake iwe ile ya kukaa nyuma na kuandika. Anaifanya mpaka leo, na daftari lake limetuokoa zaidi ya mara moja.

Kwa mzee jirani tulikwenda watu wanne, pamoja na mchungaji, kurudisha kanzu na kuomba radhi. Alitukaribisha vizuri, akaagiza kahawa. Alisema kanzu si kitu, nguo hufuliwa. Kilichomsumbua ni mjukuu wake, ambaye walipokuwa njiani alimuuliza: babu, ni sisi tuliomuua? Hatukuwa na la kusema. Mchungaji aliiweka chini kahawa yake, akamwambia mtoto, aliyekuwa ameketi mlangoni, kwamba si wao, na kwamba sisi wakubwa tulikosea kuvaa. Mtoto alimtazama, kisha akauliza kama yule jogoo alichinjwa.

Mwaka uliofuata hatukuomba kanzu. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuma ujumbe kuuliza kama tutazihitaji. Tulimjibu kwamba safari hii tutahitaji kumi na tatu, kwa ajili ya Yesu na wanafunzi wake, na kwamba kama hazitoshi tutashona. Alituletea sita zile zile.

Ndugu msomaji, tangazo litasomwa tena kwaresima ijayo. Ukisukumwa kusimama, simama, maana kazi ni njema na Bwana huwapa watu wake vipawa kwa ajili yake. Lakini kabla hujaketi, uliza mbele ya wote: nani atakuwa nami? Na sisi tulioketi, tusipige makofi mpaka swali hilo lijibiwe kwa majina.